Wakazi wa Veranda ya Ghala

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Kabla hujauliza: mimi mzima, nakula, na goti leo limetulia kwa sababu hakuna wingu angani. Natumaini na nyie huko hamjambo, shemeji bado anagombana na redio za watu, na mpwa wangu ameacha kuweweseka kwa ajili ya mtihani wake wa uuguzi. Mwambie mjomba wake aliwahi kuvuka mto wenye maji ya shingoni na sanduku la risasi kichwani, sembuse yeye na karatasi tatu za maswali? Aende akaandike, asitusumbue.

Barua yako ya Januari niliipata kwa fundi viatu wa mkabala na stendi, kama kawaida. Endelea kutuma kwake, na usiniulize tena kwa nini haziji nyumbani moja kwa moja. Halmashauri bado haijaweka namba kwenye milango yetu, na tarishi wa huku anaweza kupotea hata akiwa amesimama.

Umetaka tena nikueleze chumba. Haya, chukua kalamu. Ni vyumba vinane kwenye mstari mmoja, nyuma ya ofisi za Halmashauri. Changu ni cha nne ukihesabu kutoka bombani. Kina dirisha moja la mbao linalotazama mawio. Sakafu ni ya saruji, na kwenye kona ya kushoto pana ufa mwembamba, kwa sababu fundi alizidisha maji kwenye saruji na alipoambiwa akaja juu. Mlango hubana kidogo wakati wa mvua. Umeridhika?

Ila si wote waliobahatika. Kuna wenzetu sita wa kikosi chetu cha zamani ambao wanalala kwenye veranda ya ghala la Halmashauri, lile lililokuwa la saruji, karibu na stendi. Huu mwaka wa pili unakwisha. Vyumba vilijengwa kwa ajili ya askari tuliorudi vitani, hotuba zikasomwa, utepe ukakatwa, halafu watu wakaambiwa wasubiri orodha. Orodha anayo karani wa makazi. Karani wa makazi yuko semina, na akirudi semina anakwenda likizo. Vyumba vimejazwa viti vibovu na mafaili, vimefungwa kufuli.

Hata hivyo hao wenzetu hawajajiachia. Saa kumi na mbili asubuhi wanajipanga mstari, wanaitwa majina, wanafagia veranda, wanakunja maboksi yao. Mzinga, yule aliyekuwa mpiga mizinga na masikio akayaacha hukohuko, anaitika jina lake mpaka njiwa wote wanaruka. Aliyekuwa mpishi wa kambi anachemsha chai kwenye kopo la rangi. Kila mwezi Bwana Afya wa Halmashauri anakuja na notisi ya kuwataka waondoke. Anawaamsha kwa ncha ya kiatu, anaandika majina, anagonga mhuri, anaondoka zake. Nao wanabaki palepale, wangekwenda wapi? Mimi huwa napita kuwajulia hali.

Kuhusu kuja kunitembelea, vuta subira. Barabara ni mbovu na chumba sijakipaka rangi. Nitakuambia wakati ukifika.

Bahasha nimeitengeneza mwenyewe tena, usinicheke. Jeshini tulifundishwa kwamba karatasi yenye upande mmoja mweupe bado ni mali.

Ndimi kaka yako,
Koplo


Tarehe 3 Machi

Kaka yangu Koplo,

Shikamoo, na usisimame kuitikia, nalionea huruma hilo goti.

Sisi tupo. Shemeji yako juzi alipigwa shoti na redio ya mchungaji, akakaa kutwa nzima nywele zimesimama wima, na bado anadai ni redio ndiyo iliyoanza. Mpwa wako ameandika mtihani na sasa anasubiri majibu. Hali, halali, ananizungukia cherehani kama nzi. Mimi kazi imenijaa mpaka puani. Kwaya imeniletea vitambaa vya majoho kumi na manne, na kila mmoja ananiambia eti amepungua mwili tangu mwaka jana. Nimewapima. Hakuna aliyepungua, kaka. Hakuna hata mmoja.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya nne nikaisoma vizuri zaidi. Hao wenzako sita wa veranda wamenikaa rohoni, nisikufiche. Mvua ikija na upepo, inawafikia? Boksi la kutandika wanapata wapi? Mtu akishikwa na homa pale, nani anamtazama? Nijibu hayo kabla ya kuniambia habari za madirisha.

Wafikishie salamu zangu mmoja mmoja, kwa jina. Hasa yule mwenye goti bovu.

Nimekutumia koti, dereva wa basi ataliacha kwa fundi viatu wako. Ni la kuvaa chumbani. Nje ni kitambaa kizito cha sare, ndani nimetia turubai, na shingo inafunga mpaka kidevuni. Utasema turubai la nini kwa mtu mwenye dirisha na mlango. Nilikuwa na mabaki, mkono ukaniwasha, nikashona. Usianze ubishi wako. Livae.

Mdogo wako,
Sindano


Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu Sindano,

Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa na shughuli. Hongera nyingi kwa mpwa wangu! Fundi viatu amenisomea kile kipande cha karatasi ulichompa dereva, kwamba binti amefaulu, nikampigia saluti ya kijeshi pale barabarani hadi watu wakadhani jua limenipanda kichwani. Sasa tuna muuguzi wetu, atutibu wote kwa zamu.

Koti limefika. Linanienea sawasawa, mabega umeyapatia bila kunipima. Linafaa sana kwa kukaa nalo chumbani. Juzi ilinyesha siku tatu mfululizo, na nilikuwa nalo chumbani siku zote tatu.

Maswali yako: ndiyo, mvua inawafikia upande mmoja, kwa hiyo wanabadilishana nafasi kwa zamu. Boksi wanapewa na wenye maduka. Wa homa anatazamwa na Mpishi.

Salamu nimezifikisha. Mzinga amesema kama wewe ndiye uliyeshona koti hili, anaomba posa. Nimemwambia una mume. Akasema hajanisikia.

Nimesikia kwamba karani wa makazi amerudi na mambo ya vyumba yataanza kutazamwa. Ngoja tuone. Usije kwanza, mvua zimekata barabara.

Koplo


Tarehe 5 Mei

Kaka,

Mvua huku zimekwisha na dereva wa basi ananiambia barabara ni kavu kama ngozi ya ngoma. Kwa hiyo nimepanga safari. Nitafika katikati ya Julai, majoho ya kwaya yakishatoka mikononi mwangu. Sitaki godoro, nitalala hapohapo sakafuni kwako, karibu na ule ufa.

Niambie tu kitu kimoja: nikifika haupo, ufunguo unamwachia nani?

Sindano


Tarehe 11 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakuwahi hujafunga mzigo. Wasalimie wote, mwambie muuguzi mjomba anampenda. Salamu zimeishia hapo, kwa sababu nikiendelea nazo nitapata pa kujifichia.

Usije. Huna pa kufikia, kwa kuwa mimi mwenyewe sina.

Nilikuambia wako sita. Tuko saba. Mimi nalala wa tatu kutoka mlango wa ghala, kati ya Mzinga na Mpishi. Chumba cha nne nakifahamu kwa sababu nilikuwa kibarua pale kinajengwa, mimi ndiye niliyebeba maji ya kuchanganyia ile sakafu, na mimi ndiye niliyemwambia fundi kwamba yamezidi. Sijawahi kulala ndani yake hata siku moja. Nilikuandikia nilivyopanga kuishi, barua baada ya barua, mpaka nikawa naogopa kuandika kitu kingine. Siku ninaondoka nyumbani nilikuahidi nitarudi na cheo na nyumba. Cheo nilikipata.

Hilo ni la kwanza, na kwa hilo ungenitukana tu yakaisha. La pili ni zito.

Mwishoni mwa Juni karani wa makazi alituita. Amevaa tai, meza safi, faili moja tu mbele yake. Akasema vyumba vitagawiwa, ila kila askari alete uthibitisho kwamba ameishi ndani ya kata hii miaka miwili bila kukatika. Tarehe ya mwisho ni kumi na tano Agosti. Vitakavyobaki wazi watapewa watumishi wa Halmashauri. Mzinga akauliza, kwa sauti yake ile, "Sasa mtu asiye na nyumba athibitishiwe na mwenye nyumba gani?" Karani akacheka kwa pua, akasema: "Basi nileteeni karatasi yoyote ya serikali yenye majina yenu, mahali mnapoishi, tarehe na mhuri. Ya kila mwezi, miaka miwili. Mnazo?"

Sindano, tulikuwa nazo! Notisi za Bwana Afya! Kila mwezi anaandika majina yetu yote saba, anaandika "wanaishi veranda ya ghala", anatia tarehe, anasaini, anagonga mhuri wa Halmashauri mpaka wino unaruka. Ananikabidhi mimi kwa kuwa mimi ndiye koplo. Nami nafanya nini? Nazigeuza ndani nje, nazikata, nazipaka gundi ya unga, nazifanya bahasha, nakutumia wewe. Zimebaki tatu tu nilizokuwa sijazikunja: ya Machi, ya Mei na ya Juni.

Niliwaambia wenzangu ukweli wote. Hakuna aliyenitukana, na ndicho kilichonimaliza. Mpishi aliendelea kukoroga chai. Mzinga, ambaye hasikii chochote siku zote, hilo alilisikia. Bwana Afya amekwishaonekana mara mbili akipima pazia kwenye dirisha la chumba cha nne. Nimewanyang'anya nyumba watu sita walionifuata bila swali kwenye risasi.

Sikuulizi kama unazo. Nani duniani anahifadhi bahasha?

Hii nimeombea bahasha kwa fundi viatu.

Koplo


Tarehe 20 Julai

Kaka yangu, wewe mtu wewe,

Nani anahifadhi bahasha? Fundi cherehani! Unadhani vifungo vyangu vinakaa wapi? Vyeusi vidogo vinakaa kwenye barua yako ya mwaka juzi mwezi wa sita. Vya lulu kwenye ya Krismasi. Kulabu, zipu, sindano za akiba, kila kitu kina bahasha yake, na kila bahasha umeikunja wewe kwa mkono wako wa kijeshi, haina hata pengo la kupita uzi.

Sasa nami niseme la kwangu. Nilijua tangu Machi. Nilitaka kuona ulivyoikunja bahasha ya barua yako ya Februari ili nami nitengeneze za kwangu, nikaifumua, si unajua sipitwi na mshono? Nikakuta majina saba, la kwako la tatu. Nikavimwaga vifungo vyote chini, nikazifumua bahasha moja baada ya nyingine mpaka shemeji yako akauliza kama nimefiwa. Nililia, kaka. Halafu nikasema huyu ni mtu mzima, ni askari, ngoja aniambie mwenyewe, nisimvunjie heshima. Nikakushonea turubai nikijifanya sijui! Miezi mitano nimekaa hapa nakulindia heshima yako huku wewe unalowa. Hilo nisamehe, maana mimi bado sijajisamehe.

Ziko ishirini na mbili. Nilizipitisha kwenye mvuke wa birika, gundi ikaachia, nikazipiga pasi ya moto mdogo, nikazipanga kwa tarehe na kuzishona ubavuni kwa uzi wa viatu. Mihuri yote inasomeka, yule bwana anagonga kweli. Mwanzoni zilikuwa ishirini na moja, ya Novemba haikuwepo, na ulisema miaka miwili bila kukatika. Nikakumbuka niliwapelekea watu wa kwaya vifungo vya majoho ndani yake. Nikaenda kwa yule anayeimba mbele. Anayo, ameweka hereni. Akaona ninavyoitaka, akajua kanishika pabaya: hatoi mpaka nimwongezee joho kiunoni. Yule yule aliyepungua! Nikaongeza inchi tatu nikiwa nimesimama, sindano mdomoni, nikaondoka na Novemba yangu.

Shemeji yako ametoa fotokopi seti tatu. Tumebaki nazo mbili, nyingine iko ndani ya mzigo. Halisi usiziache mezani kwa mtu, hata akikuchekea. Mzigo nampa dereva wa Jumatatu mkononi, nimemtisha vya kutosha.

Na ukishinda usishinde, kwangu kuna mlango. Najua utakataa, nimeandika tu ili nisije nikajilaumu.

Nenda kawatoe jasho.

Sindano


Tarehe 17 Agosti

Mdogo wangu mpenzi, mama wa muuguzi, mke wa mpigana redio,

Salamu kwako zinatoka kwa wanaume saba, na kila mmoja ametaka zake ziandikwe mbele. Nimeziweka pamoja, wasigombane. Mzinga anasema ile posa iko palepale.

Mzigo ulifika tarehe ishirini na saba. Nikaufungua mbele yao pale veranda. Nilipoona ulivyozishona, na ile Novemba katikati ya Oktoba na Desemba, nilizihesabu, nikarudi mwanzo, nikazihesabu tena. Mpishi akaninyang'anya, akazisoma moja moja mpaka mwisho, tarehe na majina, na kila aliyetajwa akawa anaitika. Hatukupanga, ilitokea tu.

Kesho yake tukaenda kwa karani. Akafunua, akafunua tena, akawa mdogo ndani ya tai yake. "Ziacheni hapa, mje kesho." Nikamwambia, "Nakala chukua. Halisi zinalala na mimi." Akasema atashauriana na wakubwa, njoo kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Basi nikawaambia wenzangu, jamani, hawa tumewazoea, nao watuzoee sisi. Tukahamishia gwaride letu kwao. Kila siku, saa mbili asubuhi milango ikifunguliwa, watu saba tumenyooka kwenye ukumbi mbele ya ofisi ya makazi, nywele tumechana, mimi na koti langu la turubai. Naita majina. Hatutukani, hatusogei, hatuzuii mtu kupita. Ila Mzinga akiitika "Nipo!" vioo vinatetemeka, na karani kalamu inamwanguka. Siku ya tano watu wa mtaani wakaanza kuja kutazama. Siku ya kumi wakawa wanaitika nasi.

Tarehe kumi na nne kulikuwa na kikao cha madiwani, na raia wanaruhusiwa kukaa nyuma. Tulikaa nyuma. Karani akasoma taarifa kwamba hakuna askari hata mmoja aliyeleta uthibitisho, kwa hiyo vyumba viende kwa watumishi. Bila aibu! Nikasimama na lile daftari lako. Mwenyekiti akataka nikalishwe, lakini mama diwani wa kata yetu, mwalimu mstaafu, mwenye miwani ya kuning'inia, akasema, "Mlete hapa."

Akalipekua mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha akamwita Bwana Afya mbele.

"Hii saini ya nani?"

"Yangu, mheshimiwa."

"Mhuri?"

"Wa Halmashauri."

"Umeandika hawa watu saba wanaishi wapi?"

"Veranda ya ghala."

"Ghala la nani?"

"Letu."

"Kwa muda gani?"

Akaanza kufungua kurasa. Alipofika katikati mama diwani akamwambia, "Hesabu kwa sauti, bwana, watu wa nyuma hawasikii." Akahesabu. Mwezi kwa mwezi, ishirini na tano, na zile tatu zangu ndani yake. Hakuna pengo. Alipomaliza, mama diwani akavua miwani akamgeukia Mwenyekiti: "Miaka miwili tumekuwa tukiwaandikia barua kila mwezi kwenye anwani yetu wenyewe, halafu tunawauliza wanaishi wapi?"

Sindano, zile kelele! Watu walipiga viti, walipiga vigelegele, mzee mmoja nisiyemjua akanibusu shavuni. Mwenyekiti akagonga meza mpaka akachoka, akasema, "Karani, andika majina ya hawa wazee sasa hivi." Na karani akaandika, mbele yetu, na mimi nikamtajia polepole ili asikosee. Mpishi alilia wazi, hakujifuta. Mimi nilijikaza mpaka nje, nikashika ukuta, nikalia kama mtoto aliyepotea akaonekana. Sioni haya kukuambia.

Viti vibovu vitatolewa wiki hii. Mama diwani ameagiza vitolewe na walioviweka.

Na la mlango wako, asante, nimelisoma mara nyingi kuliko yote. Lakini nikija kwako, asubuhi nani ataita majina?

Koplo


Tarehe 1 Septemba

Koplo! Koplo! Koplo!

Hapa hakuna kazi iliyofanyika siku mbili. Barua yako nimemsomea kila aliyeingia kupima nguo. Yule anayeimba mbele kwenye kwaya anajitangaza kwamba bila yeye msingepata nyumba, na nimemwachia, leo nina roho safi. Shemeji yako amecheza katikati ya redio zake, akakanyaga moja. Mpwa wako ameanza kazi wodini na amewaambia wauguzi wote mjomba wake ameishinda Halmashauri kwa uzi na sindano.

Nimefurahi mpaka kifua kinaniuma. Lakini mimi nakujua. Umeniambia karani ameandika, umeniambia viti vitatolewa. Hujaniambia umelala ndani. Niandikie siku utakayolala ndani, si kabla. Na safari hii ukinipamba chumba kwa maneno, naja na mpwa wako akuchome sindano.

Sindano


Tarehe 22 Septemba

Mdogo wangu Sindano,

Wote wazima? Goti limeamka vizuri, limelala kwenye kitanda. Muuguzi aambiwe hivyo, aliandike kwenye faili.

Nimelala ndani usiku wa kumi sasa. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza niwe na hakika hawatarudi na karatasi nyingine. Viti walivitoa, karani mwenyewe alibeba vitatu, na tai yake ikanasa kwenye mguu wa kiti. Hatukucheka. Mzinga alicheka, lakini yeye hajui anacheka kwa sauti gani. Tumegawana: Mzinga cha saba, mbali na masikio ya watu, Mpishi cha tatu, upande wa bomba, ukuta mmoja na mimi. Mimi cha nne. Cha nane kiko wazi, na mama diwani ameandika kwamba kitasubiri askari mwingine atakayetokea. Na atatokea tu, wako wengi huko nje.

Usiku wa kwanza hakuna aliyelala. Tulizoea kusikiana pumzi. Mpishi akagonga ukuta, nami nikagonga, ikaenda mpaka mwisho wa mstari ikarudi, ndipo tukasinzia. Asubuhi gwaride letu tunalifanya kila mtu amesimama mlangoni kwake. Naita nikitembea. Naipenda hiyo safari kutoka mlango hadi mlango kuliko gwaride lolote nililowahi kupanga.

Dirisha linatazama mawio kweli. Hilo sikukudanganya.

Sasa nikuambie la jana, halafu upange safari. Nilikuwa nimekaa kitandani, viatu miguuni, chai nimeshakunywa, sina kazi yoyote. Nikasikia mtu nje.

"Hodi!"

Nikaitambua sauti. Bwana Afya. Kila mwezi anakagua nyumba za Halmashauri, ndivyo sheria inavyosema, na sheria hiyohiyo inasema hawezi kuingia mpaka mwenye chumba amkaribishe. Sikuitika.

"Hodi, mzee!"

Miaka miwili alituamsha kwa ncha ya kiatu, Sindano. Nikamsikia anakohoa. Nikamsikia anahamisha makaratasi yake kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Upande wa pili wa ukuta Mpishi alikuwa amejiziba mdomo, najua, nilisikia kitanda chake kinacheka.

"Hodi, Koplo. Tafadhali."

"Subiri," nikasema.

Akasubiri. Nikainuka bila haraka, nikavaa koti lako, nikafunga vifungo hadi kidevuni, nikaenda nikafungua. Alikuwa amesimama ameshika kofia mkononi. Tukatazamana.

"Karibu ndani," nikamwambia. "Ila futa viatu kwanza."

Akafuta.

Njoo wakati wowote utakapopata nafasi, njoo na wote. Ufunguo namwachia Mpishi.

Kaka yako,
Koplo
Chumba namba 4, nyuma ya ofisi za Halmashauri